Kustaafu Nchi Nyingine Bila Kupoteza Pensheni: Mwongozo Kamili

Pensheni uliyoichangia kwa miaka mingi, mara nyingi hulipwa popote utakapohamia. Kinachowakwamisha wastaafu walioko nje si sheria kuwanyima haki. Ni fomu iliyochelewa kurudishwa, jina la benki lisilofanana na jina lililoko kwenye mfuko wa pensheni, laini ya simu iliyofungwa, au kodi iliyokatwa na nchi mbili kwa fedha ileile. Karibu yote hayo hutatuliwa kwa urahisi ukiwa bado upo katika nchi inayolipa, na huwa mazito ukishavuka mpaka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu miezi 12 ya kabla ya safari.

Mifano ya taratibu imechukuliwa Uingereza, Marekani, Canada, Ujerumani na Australia, kwa kuwa kila moja ina kikwazo cha aina yake. Kama pensheni yako inatoka kwingine, uliza mfuko wako maswali hayohayo.

Tambua pensheni zako ni za aina gani

Usiseme tu "nina pensheni". Chukua karatasi uorodheshe kila chanzo, kisha ukiweke katika fungu lake.

Fungu la kwanza ni pensheni ya michango ya lazima, ile iliyokatwa kwenye mshahara. Hii kwa kawaida humfuata mtu. Mfano ni CPP, mpango wa pensheni wa Canada, ambayo hulipwa hata ukiishi nje, na State Pension, pensheni ya serikali ya Uingereza.

Fungu la pili ni malipo yanayotokana na miaka uliyoishi nchini, au yanayotolewa kwa wenye kipato kidogo. Hapa ndipo watu wengi hushtuka. Canada, pamoja na CPP, ina pensheni ya uzee iitwayo OAS. Ukiwa unaishi Canada unaweza kuipata kwa kuwa na miaka 10 ya ukaazi baada ya kutimiza miaka 18, lakini ili uendelee kuipokea ukiwa nje unahitaji miaka 20. Aliyepungukiwa hulipwa mwezi aliotoka na miezi 6 inayofuata, kisha malipo husimama. Nyongeza ya kipato cha chini, GIS, haivuki miezi 6 kwa yeyote. Australia nayo, baada ya wiki 26 ukiwa nje, hupima upya Age Pension, pensheni yake ya uzee, kulingana na muda ulioishi nchini humo kati ya umri wa miaka 16 na umri wa pensheni. Anayetaka kiwango kisichopunguzwa kwa sababu hiyo anahitaji miaka 35. Na Pension Credit ya Uingereza, nyongeza ya wastaafu wenye kipato kidogo, huondoka pale unapohamia nje kabisa.

Fungu la tatu ni pensheni ya mwajiri au ya binafsi. Hii inaongozwa na mkataba wako na mfuko. Mifuko mingine hulipa benki yoyote duniani, mingine hulipa tu akaunti iliyoko nchini mwake. Iulize kwa maandishi, na uhifadhi jibu.

Ukishapanga mafungu matatu utaona jambo moja muhimu: bajeti ya kuhamia ijengwe juu ya fungu la kwanza na la tatu. Fedha ya fungu la pili usiihesabu mpaka upate barua inayotaja nchi unayokwenda.

Hakiki kumbukumbu za michango kabla ya kitu kingine

Omba taarifa rasmi ya michango yako, kisha ipitie mwaka kwa mwaka ukiwa na hati za mishahara na barua za ajira mkononi. Mapengo hutokea kwa sababu za kawaida sana: mwajiri hakuwasilisha michango, namba ya utambulisho ilikosewa tarakimu moja, au jina lilibadilika baada ya ndoa na kumbukumbu zikagawanyika mafaili mawili. Kurekebisha pengo la miaka 20 iliyopita kunahitaji ushahidi, na ushahidi huo uko kwenye maboksi ambayo watu huyatupa wiki ya kufunga mizigo.

Halafu linganisha na kiwango cha chini. Uingereza, kwa pensheni mpya ya serikali, unahitaji angalau miaka 10 inayohesabika ili upate chochote, na kwa kawaida 35 ili upate kiwango kamili. Marekani huhitaji alama 40 za michango, ambazo ni karibu miaka 10 ya kazi. Ujerumani huhitaji miezi 60.

Ukipungukiwa, usikate tamaa haraka. Nchi nyingi zina mikataba ya hifadhi ya jamii inayoruhusu vipindi vya kazi vya nchi mbili kujumlishwa ili kutimiza sharti. Kwa mikataba ya Marekani, unahitaji angalau alama 6 za huko ndipo ujumlishaji uwezekane. Kujumlisha hakumaanishi nchi moja italipa yote: vipindi hujumlishwa kufungua mlango tu, kisha kila nchi hulipa sehemu inayolingana na muda uliofanya kazi kwake. Ndani ya Umoja wa Ulaya utaratibu ndio huohuo, na ombi moja linalowasilishwa katika nchi unayoishi husambazwa kwa nchi nyingine ulizofanyia kazi.

Jambo moja linahitaji tahadhari ya pekee. Ujerumani huruhusu baadhi ya wageni wasio raia wa Umoja wa Ulaya kurudishiwa michango, ikiwa imepita miezi 24 tangu watoke kwenye bima ya lazima na hawana haki ya kuchangia kwa hiari. Anayerudishiwa hupata sehemu aliyokatwa yeye. Sehemu ya mwajiri hairudi. Na ukishapokea, vipindi hivyo vyote hufutika. Mtu mwenye miezi 50 Ujerumani na miaka mingi katika nchi yenye mkataba na Ujerumani anaweza kuuza pensheni ya maisha kwa mkupuo (malipo ya mara moja) mdogo. Uliza kwanza kama kuna mkataba, ndipo uombe kurudishiwa.

Nyongeza ya kila mwaka: swali linalosahaulika

Kuulizia kama utalipwa ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni kama kiwango kitaendelea kupanda. State Pension ya Uingereza hulipwa duniani kote, lakini nyongeza ya kila mwaka huwafikia tu wanaoishi katika Eneo la Uchumi la Ulaya, Uswisi, Gibraltar, na nchi zenye mkataba unaoruhusu nyongeza hiyo, Marekani ikiwemo. Anayehamia Australia, Canada, New Zealand au Afrika Kusini hubaki na kiwango kilekile cha siku alipoanza kulipwa akiwa huko, au cha siku alipohama. Canada na New Zealand zina mikataba na Uingereza, ila haigusi nyongeza.

Chukua mfano wa hesabu tu: pensheni ya pauni 150 kwa wiki ikipanda asilimia 3 kila mwaka, baada ya miaka 15 huwa karibu pauni 234. Aliyegandishiwa bado anapokea 150. Tofauti ya pauni 84 kwa wiki ni zaidi ya theluthi moja ya kipato, na inamkuta mtu katika umri ambao hawezi tena kurudi kazini. Akirudi kuishi Uingereza kiwango hupandishwa hadi cha wakati huo, lakini nyongeza za miaka iliyopita hazilipwi.

Kama nchi unayoitaka iko upande wa kugandisha, bado unaweza kwenda. Panga tu ukijua kwamba pensheni hiyo itazidi kuwa nyembamba, na uweke chanzo kingine kinachokua.

Uraia na ukaazi vinaweza kusimamisha malipo

Marekani huchukulia kwamba uko nje ukikosekana nchini siku 30 mfululizo au zaidi. Raia wake hulipwa karibu kila mahali, isipokuwa nchi ambazo Hazina ya Marekani imezuia, kama Cuba na Korea Kaskazini. Asiye raia hali yake ni tofauti: baada ya miezi 6 kamili ya kalenda akiwa nje, malipo husimama, isipokuwa aangukie katika mojawapo ya misamaha, ambayo hutegemea uraia wake, nchi anakoishi na rekodi yake ya kazi. Yakishasimama kwa sababu hiyo, huanza tena baada ya kurudi na kukaa Marekani kihalali mwezi mzima wa kalenda. Social Security, mfumo wa hifadhi ya jamii wa Marekani unaolipa pensheni hii, ina zana ya mtandaoni inayokuuliza uraia na nchi unayokwenda kisha inakupa jibu. Itumie kabla ya kununua tiketi, na uchapishe jibu lake.

Kazi ndogondogo nayo ina sheria. Anayepokea pensheni ya Marekani kabla ya umri kamili wa kustaafu (miaka 67 kwa waliozaliwa 1960 na baadaye), akafanya kazi nje kwa zaidi ya saa 45 katika mwezi bila kulipia kodi ya Social Security, hunyimwa malipo ya mwezi huo. Sheria hii huangalia saa, haiangalii ulipata fedha kiasi gani, kwa hiyo hata duka lako mwenyewe linahesabika.

Kazi za kumaliza ukiwa bado upo

1. Linganisha jina. Pasipoti, kumbukumbu za mfuko na akaunti ya benki unakokwenda zifanane herufi kwa herufi. Jina la katikati linaloonekana sehemu moja na kukosekana nyingine linatosha kurudisha malipo. Kama mfumo wa benki mpya unatanguliza jina la ukoo, omba barua ya benki inayoonyesha jina lilivyoandikwa, uitume kwa mfuko.

2. Okoa namba ya simu. Hili tunalisisitiza kuliko yote katika orodha hii. Akaunti za pensheni za mtandaoni hutuma namba za siri kwenye simu uliyosajili. Laini isiyotumika hufungwa, na mara nyingine namba hupewa mtu mwingine. Hapo huwezi kuingia, huwezi kubadilisha namba kwa sababu kubadilisha kunahitaji kuingia, na msaada wa simu unakutaka uthibitishe utambulisho kwa namba ileile. Kabla ya kuondoka, hamishia uthibitisho kwenye programu ya simu inayotoa namba hizo bila kutegemea laini, kisha chapisha namba za dharura za kurejeshea akaunti. Kama mfuko unakubali ujumbe wa simu tu, hamia mpango wa bei ya chini kabisa unaobakiza laini hai ukiwa nje, na uhakikishe kwa mtoa huduma kwamba inapokea ujumbe katika nchi unayokwenda.

3. Badilisha barua pepe iliyo ya kazini. Itakufa siku unayoacha kazi, pamoja na nenosiri zote zilizofungwa nayo.

4. Acha akaunti moja ya benki ikiwa wazi, kama benki inawaruhusu wasio wakaazi kuwa nayo. Waambie ukweli kuhusu anwani yako mpya. Kutumia anwani ya jamaa ili uonekane bado upo huleta matatizo ya kodi na huweza kufanya akaunti ifungwe ghafla, pensheni ikiwa njiani.

5. Thibitisha nyaraka. Cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, na cha talaka kama kipo, vipate apostili (uthibitisho wa hati unaotambulika kimataifa) ikiwa nchi zote mbili ziko katika Mkataba wa Hague wa 1961. Kama moja haimo, utahitaji uhalalishaji kupitia wizara ya mambo ya nje na ubalozi, jambo linalochukua muda mrefu. Chukua nakala halisi mbili za kila cheti: mifuko mingine hubaki na nyaraka kwa wiki nyingi.

6. Toa taarifa ya kuondoka kwa mamlaka ya kodi. Uingereza hutumia fomu P85 kwa wasiojaza taarifa za kodi za kila mwaka.

7. Sasisha majina ya wanufaika kwenye pensheni za mwajiri na za binafsi. Fomu iliyojazwa siku ya kwanza kazini bado inaweza kuwa inamtaja mtu mliyeachana zamani.

Kuwasilisha ombi

Pensheni nyingi hazianzi zenyewe, zinaombwa. Ombi la State Pension ukiwa nje hupelekwa International Pension Centre, ofisi ya Uingereza ya wastaafu walioko nje, na unaweza kuliwasilisha ukibakiza miezi 4 kufikia umri. Social Security pia hupokea maombi miezi 4 kabla ya mwezi unaotaka malipo yaanze. Walioko nje huhudumiwa na vitengo vya mafao vilivyo katika baadhi ya balozi za Marekani, na kitengo kimoja huweza kushughulikia nchi kadhaa. Ujerumani, ombi huenda Deutsche Rentenversicherung, bima ya pensheni ya serikali, ambayo imegawa nchi za kigeni kwa matawi yake: hakikisha unaandikia tawi linaloshughulikia nchi yako, la sivyo faili litazunguka.

Kuchelewa kuomba si lazima kuwe hasara, ila kuna mpaka. State Pension mpya huweza kulipwa kwa kurudi nyuma hadi miezi 12. Marekani huruhusu hadi miezi 6, na hiyo kwa waliokwisha kufikia umri kamili wa kustaafu. Zaidi ya hapo huwezi kudai malimbikizo, ingawa kuchelewesha kunaweza kuongeza kiwango chenyewe.

Katika bahasha weka nakala zilizothibitishwa, tafsiri ya mtafsiri aliyeidhinishwa kwa kila hati iliyo katika lugha ambayo mfuko hauisomi, na karatasi moja ya mwanzo yenye jina, namba ya utambulisho, orodha ya viambatisho na anwani ya barua pepe. Andika namba ya utambulisho juu ya kila ukurasa. Kurasa hutenganishwa wakati wa kuingizwa kwenye mfumo, na ukurasa usio na namba hupotea.

Njia ya fedha

Kuna njia tatu: mfuko ulipe moja kwa moja benki ya nchi unayoishi kwa sarafu ya huko; ulipe akaunti ya nchi unakotoka kisha uhamishe mwenyewe; au ulipe akaunti ya sarafu nyingi kwenye taasisi ya kuhamisha fedha. Njia ya kwanza ina usumbufu mdogo, na kwa pensheni za serikali mara nyingi kiwango cha kubadilisha si kibaya. Ya pili inakupa uhuru wa kuchagua wakati wa kubadilisha, ila gharama zake hujificha.

Tuzihesabu. Pensheni ni 900 kwa mwezi. Benki inatoza 25 kwa kila muamala na inabadilisha fedha kwa kiwango kilicho chini ya kile cha soko kwa asilimia 3, yaani 27. Jumla ni 52 kwa mwezi, 624 kwa mwaka, 12,480 kwa miaka 20. Taarifa ya benki itaonyesha zile 25 tu. Zile 27 zimo ndani ya kiwango cha kubadilishia na hazitajwi popote. Ili uzione, tazama kiwango cha soko saa ileile ya muamala, zidisha kiasi ulichotuma, kisha linganisha na kilichoingia.

Uingereza hukuruhusu kuchagua malipo ya kila wiki 4 au kila wiki 13. Kwa mwenye ada ya kudumu ya kupokea fedha, kulipwa kila wiki 13 hupunguza idadi ya ada kutoka 13 hadi 4 kwa mwaka. Faida hiyo ina maana kwa mtu mwenye akiba ya kumvusha miezi mitatu. Asiye nayo abaki na wiki 4.

Unapoandikia mfuko namba za benki, toa IBAN (namba ya akaunti ya kimataifa) pale nchi inapoitumia, namba ya SWIFT (utambulisho wa benki kimataifa) ya tawi sahihi, na jina kamili la benki. Usifunge akaunti ya zamani mpaka malipo mawili mfululizo yaingie kwenye mpya. Malipo yanayogonga akaunti iliyofungwa hurudi kwa mfuko, na mfuko hufungia faili hadi uthibitishe upya.

Kodi

Kanuni ya msingi ambayo mikataba mingi ya kuepuka kutozwa kodi mara mbili huifuata, kwa kuiga mfano wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi wa nchi tajiri), ni hii: pensheni ya kazi ya sekta binafsi hutozwa na nchi unakoishi, na pensheni ya utumishi wa serikali hutozwa na nchi inayoilipa, isipokuwa uwe mkaazi na pia raia wa nchi ile nyingine. Mwalimu wa shule ya umma na mhasibu wa kampuni wanaweza kuishi nyumba jirani wakawa na kodi tofauti kabisa. Pensheni ya hifadhi ya jamii haina kanuni moja. Soma ibara yake katika mkataba husika.

Mkataba hautendi kazi wenyewe. Usipoudai, mlipaji hukata kiwango cha kawaida. Canada hukata asilimia 25 ya CPP na OAS kwa wasio wakaazi, mpaka mkataba useme vingine. Marekani, kwa asiye raia anayeishi nje, hukata asilimia 30 ya asilimia 85 ya malipo, yaani asilimia 25.5 ya pensheni yote. Raia wa Marekani hubaki na wajibu wa kujaza taarifa ya kodi hata akihamia mwisho wa dunia.

Kwa pensheni za Uingereza utaratibu ni huu: jaza fomu ya DT-Individual, ya kudai nafuu ya mkataba wa kodi, ipeleke kwanza kwa mamlaka ya kodi ya nchi unakoishi igongwe muhuri kwamba wewe ni mkaazi wao wa kikodi, kisha itumwe Uingereza, ambako mlipaji huelekezwa kuacha kukata. Watu hukosea mpangilio: hutuma fomu Uingereza bila muhuri, inarudi, na miezi imepita. Pia muhuri hautolewi kabla hujasajiliwa kama mlipakodi katika nchi mpya, kwa hiyo usajili huo ndio hatua ya kwanza. Kiasi kilichokatwa kupita kiasi wakati unasubiri kidai, kinarudishwa.

Ujerumani inahitaji neno lake. Pensheni yake hutozwa kodi kwa sehemu hata kwa anayeishi nje, kutegemea mkataba, na ofisi ya Neubrandenburg ndiyo inayoshughulikia wastaafu walioko nje. Kodi haikatwi kwenye malipo ya kila mwezi, hivyo mstaafu huona yuko salama, kisha barua inafika ikidai miaka kadhaa kwa pamoja. Waandikie wewe mwanzo.

Mkupuo nao uutazame kwa macho ya nchi unayokwenda. Uingereza huruhusu kuchukua robo ya pensheni binafsi bila kodi, hadi pauni 268,275 kwa walio wengi. Nchi mpya haifungwi na msamaha huo. Kama sheria zake zinautoza, ulizia faida ya kuuchukua kabla hujawa mkaazi wake wa kikodi. Na kwa wanaoanza kuchota kidogokidogo kutoka mfuko wa Uingereza: malipo ya kwanza mara nyingi hukatwa kwa namba ya kodi ya dharura, kana kwamba utalipwa kiasi hicho kila mwezi. Chota kwanza kiasi kidogo ili namba sahihi itolewe, ndipo uchukue kikubwa.

Hati ya kuwa hai

Hapa ndipo pensheni nyingi hukatika, kwa hiyo tuende polepole.

Mfuko hutuma fomu, mara nyingi kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, ukitaka ushahidi kwamba bado u hai. Isiporudi kwa wakati, malipo husimamishwa. Marekani hutuma SSA-7162 kwa mpokeaji mwenyewe na SSA-7161 kwa anayepokea kwa niaba ya mwingine. Ujerumani hutuma yake katikati ya mwaka kupitia huduma ya posta inayolipa pensheni, isipokuwa kwa nchi ambazo hubadilishana nazo taarifa za vifo kwa njia ya kielektroniki.

Fomu ikifika, soma kwanza nani anaruhusiwa kushuhudia. Orodha hutofautiana: notari, daktari, ofisa wa ubalozi, ofisa wa benki. Ndugu yako, au mtu mnayeishi anwani moja, kwa kawaida hakubaliki. Nenda na pasipoti, na *usitie saini nyumbani*. Shahidi anathibitisha kwamba umesaini mbele yake. Ukiwa umeshasaini, shahidi makini atakataa, na asiye makini atakupa fomu itakayokataliwa.

Kabla hujaondoka ofisini kwake angalia vitu vitano: saini yako inafanana na ile iliyoko kwenye mfuko, jina na cheo chake vimeandikwa kwa herufi zinazosomeka, muhuri haujafunika saini wala tarehe, anwani yake imejazwa, tarehe zenu zinalingana. Tarehe ina mtego wake. Fomu za Marekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo tarehe 4 Mei huandikwa 05/04, na ukiandika 04/05 umesema Aprili. Aliyepoteza uwezo wa kuandika aweke alama yake. Social Security hutaka mashahidi wawili kwa alama ya X.

Piga picha kurasa zote, hata zisizo na maandishi yako, kisha tuma kwa njia yenye namba ya kufuatilia. Kama mfuko una njia ya mtandaoni, tumia hiyo na uhifadhi risiti. Weka kumbusho la mwezi ambao fomu hufika. Isipofika ndani ya wiki tatu za muda wake wa kawaida, wasiliana nao wewe. Posta kupoteza barua si utetezi utakaozuia malipo kusimama.

Malipo yakisimama, usianze na malalamiko. Uliza sababu iliyoandikwa kwenye faili, tuma hati ya kuwa hai iliyoshuhudiwa upya hata kama unaamini ya kwanza ilifika, na udai malimbikizo kwa maandishi ukitaja tarehe. Mara nyingi hulipwa yote. Kinachoumiza ni wiki za kusubiri, na ndiyo sababu kila mstaafu aliye nje anahitaji akiba ya matumizi ya miezi 3 hadi 6 katika nchi anayoishi.

Matibabu, na wanaotaka kukuibia

Pensheni kukufuata hakumaanishi matibabu yatakufuata. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, kwa ujumla hailipi huduma nje ya Marekani, na anayeacha kulipia Sehemu B (ya huduma za madaktari) kisha akairudia huweza kutozwa adhabu ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyokosa. Haki ya huduma ya bure ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, hutegemea kuishi Uingereza. Tafuta bima kabla ya kuhama; nyingi hukataa waombaji wapya waliopita umri fulani au hazigharimii maradhi uliyokuwa nayo tayari.

Walaghai hupenda wanaohama. Dalili kuu ni simu usiyoiomba, ahadi ya kuchukua pensheni ya Uingereza kabla ya miaka 55 (itakuwa 57 kuanzia tarehe 6 Aprili 2028) bila ugonjwa, na haraka ya kusaini leo. Kuhamishia mfuko wa Uingereza nje kunaweza kuvuta tozo ya asilimia 25, hata kwa mfuko halali. Tozo hiyo itajwe na mshauri kwa maandishi kabla hujasaini.

Uwezo ukipungua, na baada ya kifo

Andika hati ya uwakilishi mapema, lakini ujue mipaka yake. Marekani haitambui hati hiyo kwa malipo ya Social Security. Mtu wa kukusaidia lazima ateuliwe na Social Security yenyewe. Uliza kila mfuko unatambua nini, na hati iliyotengenezwa nchi moja kama inakubalika nyingine.

Mwenza wako aandaliwe karatasi moja: jina la kila mfuko, namba yako ya utambulisho, anwani ya kutoa taarifa ya kifo, na haki anayobaki nayo. Asiye raia wa Marekani anayetegemea pensheni ya mjane au mgane huenda akahitaji kuwa aliishi Marekani angalau miaka 5 katika uhusiano huo ndipo alipwe akiwa nje, jambo la kuchunguza wakati nyote mpo.

Kifo kikitokea, mfuko uarifiwe mara moja na upelekewe cheti chenye tafsiri. Fedha zinazoendelea kuingia zisiguswe, hata kama akaunti ni ya wawili, kwa sababu zitadaiwa zirudishwe. Pensheni ya Social Security ya mwezi wa kifo chenyewe hailipwi, na malipo ya mwezi fulani huja mwezi unaofuata: aliyefariki Julai, fedha inayoingia Agosti lazima irudi. Akaunti isifungwe mpaka mfuko uthibitishe kwa maandishi kwamba hesabu zimekamilika.